Mti wa Kuegemea: Mitambuu, Pilipili Manga na Pasheni katika Historia ya Unguja

Mtambuu, mpilipili manga, mvanila na mpasheni ni mimea ya kutambaa. Shina lake halina nguvu ya kujisimamisha, na mkulima wa Unguja anayetaka majani au matunda yake hana budi kuipatia kitu cha kupandia. Kitu hicho kimekuwa cha namna mbili. Namna ya kwanza ni mti ulio hai: mwembe, mfenesi, mnazi, au mti mdogo uliopandwa makusudi kwa kazi hiyo. Ya pili ni kichanja, yaani nguzo zilizochimbiwa ardhini, fito zilizolazwa juu yake na kamba za kufungia. Kwa sehemu kubwa ya historia ya kisiwa hiki mti hai ndio uliotegemewa zaidi. Kichanja kilipata nafasi pale ambapo mti haukuwepo, au ulikuwepo lakini ni wa mtu mwingine.

Misituni na vichakani mambo haya hujipanga yenyewe. Mbungo, ambao kwa Kilatini huitwa Saba comorensis, huota chini ya miti mikubwa na kuisokota mpaka ukafika juani, kisha ukazaa matunda ya mviringo yenye ganda gumu la rangi ya chungwa. Ndani yake mna kokwa nyingi zilizofunikwa na nyama yenye nyuzi, kali na yenye harufu nzuri, na juisi yake ndiyo inayotafutwa sana mjini msimu wake ukifika. Mabungo yameingia sokoni karne kwa karne bila mtu kuujengea mbungo nguzo hata moja. Mchumaji alipaswa tu kuujua mti uliobeba mmea na kuweza kuukwea.

Mtambuu hauna tabia hiyo ya kujitafutia. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, na popote ulipofika umeletwa na mtu. Jani lake hutafunwa pamoja na popoo, chokaa na mara nyingi katu au tumbaku, na mchanganyiko huo ndio uraibu wa pwani yote. Viungo hivyo havisafiri kwa namna moja. Popoo iliyokaushwa huvuka bahari jahazini bila kuharibika na chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe. Jani la tambuu, kinyume chake, hunyauka kwa siku chache. Kwa sababu hiyo mji uliozoea kutafuna tambuu ulihitaji mitambuu hai karibu yake, na mitambuu ikahitaji pa kupandia. Biashara ya mbali ikalazimisha kilimo cha jirani.

Ushahidi wa maandishi ni wa zamani. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331, alipokewa Mogadishu kwa majani ya tambuu na popoo, kama ilivyokuwa heshima ya kumpa mgeni. Kutoka Kilwa alielekea Arabuni, na alipoieleza Dhofar alisimulia jinsi mtambuu unavyolimwa: ama hujengewa chanja za matete kama mizabibu, ama hupandwa ubavuni mwa mnazi ukapanda wenyewe, sawa na pilipili manga. Unguja hakufika. Hata hivyo njia mbili alizozitaja ndizo zinazoonekana kisiwani mpaka leo, na maelezo yake yanabaki kuwa mojawapo ya maelezo bora ya kilimo hicho, pengine kwa kuwa yaliandikwa na mtu aliyekuwa mgeni wa jambo lenyewe na kulitazama kwa makini.

Katika karne ya 19 uraibu ulikuwa umeenea Unguja katika kila tabaka. Salme binti Said, bintiye Seyyid Said aliyekuja kujulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, aliugusia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Aliuhesabu kuwa ni desturi ya Waswahili, iliyowanogea zaidi waliozaliwa pwani kuliko waliotoka Arabuni wakiwa watu wazima. Wahindi wa mjini walikuwa na mazoea yao ya tambuu waliyokuja nayo kutoka kwao, nao wakaongeza idadi ya wanunuzi. Tambuu ilikaa kwenye kijaluba cha bibi nyumbani, ikapitishwa kwenye sinia la arusini, na soko la Darajani lilipojengwa mwaka 1904 mahitaji hayo yalikuwa yamekwisha kukomaa.

Kilimo chenyewe kilitaka kivuli chepesi, udongo wenye rutuba na maji karibu. Masharti hayo yanaigawa Unguja sehemu mbili. Upande wa magharibi na wa kati una udongo wenye kina, ukiwemo ule mwekundu unaoitwa kinongo, na mvua yake ni ya kutosha. Upande wa mashariki na kusini, kuanzia Chwaka kushuka Jambiani hadi Makunduchi, ni nchi ya maweni na uwanda, ambako mwamba wa matumbawe hufunikwa na udongo haba uliojikusanya mashimoni. Huko mkulima hupanda kwenye mfuko wa udongo popote anapoupata na huzungushia konde lake ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa kuzuia nguruwe. Miti mikubwa ya kivuli ni michache, na nguzo haichimbiwi kirahisi kwenye jiwe. Ndiyo maana mimea ya kutambaa ya kudumu, yaani mtambuu na mpilipili manga, imekuwa zaidi ya watu wa magharibi.

Ajabu ni kwamba vifaa bora vya kujengea kichanja vilitoka upande huohuo wa mashariki. Ghuba ya Chwaka ina msitu mkubwa wa mikoko, na miti yake ilikatwa na kuuzwa kwa unene: fito zilizo nyembamba kuliko zote, kisha pau, mazio, boriti na nguzo. Shehena kubwa zaidi ilitoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, ikapita bandari ya Unguja kuelekea Oman na Ghuba ya Uajemi, ambako miti mirefu ya kujengea ni adimu. Waashi wa Mji Mkongwe walizipanga boriti hizo darini chini ya zege la mawe na chokaa, na urefu wa boriti ukaamua upana wa chumba. Vyumba vya majumba hayo ni virefu na vyembamba, aghalabu upana wake hauzidi mita tatu na ushei. Vipande vilivyobaki na fito zilizopinda ndizo zilizofaa uani. Mkoko unasifika kwa kustahimili mchwa kuliko miti mingi, ingawa sehemu iliyozikwa kwenye udongo wenye unyevu nayo huoza mwishowe.

Kamba nazo zilikuwa kazi ya wanawake wa ukanda wa mashariki. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mashimo ya ufukweni yanakopita maji ya bahari, yakaachwa miezi kadhaa mpaka nyama yake ilainike. Kisha hufukuliwa, hupondwa kwa rungu, na usumba unaobaki husokotwa kwa viganja. Kamba ya usumba haikati shina changa kama waya, huvumilia mvua, na hulegea kidogo kidogo mmea unaponenepa. Mkulima asiyekuwa na kamba hutumia miyaa au ganda la mgomba lililokauka, ambalo halimalizi msimu.

Ndani ya Mji Mkongwe bustani ilikuwa jambo la wachache. Nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na kilichobaki wazi ni ua wa ndani na paa. Uani ndimo mlimopandwa yasmini, mmea mwingine unaotaka kuegemea, ukafungwa kwenye fito chache zilizosimamishwa dhidi ya ukuta au ukaachwa ujishikize kwenye nguzo za baraza ya ndani. Maua yake yaliingia katika kikuba pamoja na rehani na mkadi, yakatiwa nyweleni au kutandazwa kitandani. Kichanja cha aina hii hakikuwa na faida ya sokoni, na pengine kwa sababu hiyo hakuna afisa aliyekihesabu katika ripoti yoyote. Kilidumu kwa kuwa wanawake wa nyumba walikitaka.

Mashambani mambo yaliendeshwa na karafuu. Saleh bin Haramil al-Abry ndiye anayetajwa kuwa alipanda mikarafuu ya mwanzo Mtoni na Kizimbani mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said aliyachukua mashamba hayo, akawahimiza wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, na kwa kazi ya watumwa kisiwa kikafunikwa na zao moja. Mkarafuu si mti wa kubebeshwa mmea mwingine. Matawi yake ni mepesi kukatika, na wakati wa uchumaji watu wenyewe huupanda hadi kileleni. Shina lililosokotwa na mpilipili manga lingekuwa kero kwa mchumaji na hatari kwa mti. Hivyo pilipili manga, ambayo kwao ni pwani ya Malabar nchini India, ilipata nafasi pembezoni tu: kwenye mwembe wa mpakani, kwenye mfenesi ulio nyuma ya nyumba.

Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja na kuiacha Pemba ikiwa na madhara kidogo. Toka hapo Pemba ikashika uongozi wa karafuu na Unguja ikabaki na mashamba yenye mapengo, ambamo minazi, matunda na muhogo vilizidi kuchanganyika. Mwaka 1890 kisiwa kikawa chini ya himaya ya Uingereza, na mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa. Wengi wa waliokuwa watumwa, pamoja na wahamiaji kutoka bara, wakabaki mashambani kwa idhini ya wenye ardhi: walipalilia chini ya mikarafuu na kuruhusiwa kulima chakula chao hapohapo.

Ruhusa hiyo ilikuwa na mpaka mmoja ulioamua sana nani apande nini. Sheria na desturi za Unguja zilitenganisha mti na ardhi. Mtu aliweza kurithi, kuuza au kuweka rehani minazi iliyosimama katika ardhi ya mwenzake, na aliyepanda mti wa kudumu alikuwa amejiwekea haki mahali hapo. Kwa hiyo mwenye shamba alimwachia mkaazi alime muhogo na viazi lakini hakumwachia apande miti. Mpilipili manga huanza kuzaa vizuri mwaka wa tatu au wa nne na huweza kuzaa kwa miaka 20 na zaidi. Asiyekuwa na hakika ya mwembe wake hana sababu ya kuuanza. Aliyekaa kwa idhini alibakiwa na mimea ya kutambaa ya msimu mmoja, kama fiwi, madodoki na mamung'unye, ambayo hutosheka na kichanja cha fito kinachovunjwa baada ya mavuno na kugeuzwa kuni. Historia ya mimea hii imeandikwa mara nyingi kama habari ya mbegu na hali ya hewa. Habari ya umiliki wa miti inaeleza zaidi.

Wakati huohuo wageni wa Ulaya walikuwa wakijaribu mimea ya aina hii kwa macho ya biashara ya dunia. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyefika Unguja mwaka 1866 na baadaye kuwa balozi wa Uingereza, aliotesha mimea ya nchi nyingi kwenye bustani yake ya Mbweni. Jina lake limebaki katika Landolphia kirkii, mtambaa wa msituni unaotoa utomvu wa mpira. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 mpira wa mitambaa ya porini ulisafirishwa kwa wingi kutoka pwani ya bara ukipitia Unguja, na wagemaji wengi waliikata mitambaa badala ya kuichanja. Biashara hiyo ilikufa mpira wa miti iliyopandwa Asia ulipoingia sokoni.

Mvanila ulikuwa na hadithi nyingine. Kwao ni Meksiko, na nje ya huko ulichanua bila kuzaa kwa kukosa wadudu wa kuuchavusha. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mtumwa mwenye umri wa miaka 12, alivumbua njia nyepesi ya kulichavusha ua kwa kijiti chembamba na kidole gumba. Njia hiyo ilienea katika visiwa vya Bahari ya Hindi na ndiyo inayotumika Kizimbani leo. Ua hufunguka asubuhi na kufifia siku hiyohiyo, na ganda huchukua miezi tisa hivi kukomaa. Kwa kuwa kila ua lazima liguswe kwa mkono, mvanila hauachwi ukapaa mpaka kileleni: shina hupindwa juu ya tawi la chini na kurudishwa kuelekea ardhini, maua yakae usawa wa kifua.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliubadilisha msingi wa mambo haya. Ardhi ikawa mali ya serikali, na kuanzia mwaka 1965 mashamba makubwa yakagawiwa kwa wananchi eka tatu tatu pamoja na miti iliyokuwamo. Kwa mara ya kwanza maelfu ya familia zikawa na mwembe, mfenesi na minazi ambayo hakuna wa kuwaambia wasiiguse. Haki yao ilikuwa ya kutumia na si ya kuuza, na bei ya karafuu ilishikwa na serikali kupitia shirika lake la biashara, lakini mti ulio uani ulikuwa wao wa kuupandisha watakacho. Bei ya karafuu ilipoporomoka katika miaka ya 1980, Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilipoanza kujitosheleza, mashamba ya eka tatu yaliyochanganya viungo vingi yakaonekana kuwa na busara kuliko yale ya zao moja.

Utaratibu wa kupanda pilipili manga katika mashamba hayo haujabadilika sana. Masika inapoanza, pingili zenye vifundo vitatu au vinne hukatwa kutoka mmea wenye afya, zikatiwa ardhini hatua moja hivi kutoka kwenye shina la mti, upande usiopigwa na jua la alasiri. Chipukizi hufungwa shinani kwa kamba laini mpaka vijizizi vya kwenye vifundo vishike gamba; baada ya hapo mmea haufungwi tena. Gamba lenye mikwaruzo, kama la mwembe, hushikwa upesi, na linalobambuka halifai. Mahali pasipo na mti mkubwa hupandwa mbono au glirisidia, mti wa jamii ya kunde kutoka Amerika ya Kati unaokua haraka, hurutubisha udongo na kuvumilia kupogolewa kila mara. Majani yanayopogolewa huwa chakula cha mbuzi. Egemeo dogo lina faida ya pili: mavuno hufikiwa kwa mkono au kwa ngazi fupi, ilhali mpilipili manga ulioachwa kwenye mwembe mkongwe hupaa mita kumi na matunda ya juu huishia kwa ndege.

Vichala huchumwa punje moja au mbili zinapoanza kuwa nyekundu. Vikianikwa juani kwa siku kadhaa punje za kijani hujikunja na kugeuka nyeusi, na hiyo ndiyo pilipili manga ya kawaida. Zilizoiva kabisa zikirowekwa majini na kumenywa hutoa ile nyeupe. Waongoza watalii wa Kizimbani, Kidichi na Dole hupenda kuonyesha rangi zote hizo kwenye mmea mmoja. Utalii, uliofunguliwa milango katikati ya miaka ya 1980, umefanya mti wenye mtambaa uwe na thamani ya kutazamwa mbali na ile ya kuvunwa. Matokeo yake si yote mazuri. Mashamba mengine yamepandwa mimea miwili miwili ya kila kiungo kwa ajili ya maonyesho, na sehemu kubwa ya fedha hutoka kwa wageni badala ya gunia.

Mpasheni ndio ulioleta kichanja cha kudumu uani. Mmea huu wa Amerika ya Kusini una aina mbili kuu: ya zambarau, inayopenda nyanda za juu, na ya njano, inayostahimili joto la pwani na ndiyo inayofaa Unguja. Hauna vijizizi vya kushika gamba, bali una nyuzi zinazojisokota kwenye kitu chembamba, hivyo shina nene la mwembe haliusaidii sana. Unachotaka ni waya au fito. Ukipandishwa mtini hufunika matawi na kuyanyima jua, na mwenye mti huishia kupoteza matunda ya aina zote mbili.

Ujenzi wake ni rahisi. Nguzo za urefu wa mita mbili na nusu huchimbiwa kiasi cha sentimita 60, nafasi ya mita tano hadi sita baina ya moja na nyingine, na zile za mwisho hutiwa mhimili wa kushindilia ili zisivutwe ndani na uzito. Waya mmoja au miwili ya mabati hupitishwa juu. Mche huongozwa kwa kamba moja hadi kwenye waya, vichipukizi vya pembeni vikikatwa njiani, kisha kilele hukatwa ili matawi mawili yaende kushoto na kulia na kuteremsha matawi ya kuzaa kama pazia. Uani, ambako nafasi ni ndogo, watu wengi hupendelea kichanja cha bapa, nguzo nne na fito za kukatizana, kinachotoa kivuli cha kukalia chini yake. Matunda huanza kupatikana kabla ya miaka miwili haijatimia.

Maua ya pasheni ya njano hufunguka kuanzia saa sita mchana na hayazai vizuri bila chavua ya mmea mwingine. Kazi hiyo hufanywa na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao kavu na kuzaliana ndani yake. Nguzo za mkoko na fito za zamani huwapa makaazi palepale. Nguzo za saruji na mabomba ya chuma, ambazo zinaongezeka kadiri ukataji wa mikoko unavyodhibitiwa na bei ya boriti inavyopanda, haziliwi na mchwa wala kuoza, lakini hazina pa kutoboa. Baadhi ya wakulima huacha gogo kavu au boriti kuukuu pembeni mwa kichanja kwa ajili ya nyuki hao, na wasiofanya hivyo hulazimika kuchavusha kwa mkono mchana wa jua kali, ua baada ya ua.